Chumba cha Nyuma, Alhamisi Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo kuanzia saa tisa alasiri, dakika arobaini. Baba ametoka hospitali na nimemleta kwangu Bukoto. Nyonga iliyovunjika haitaunga, na moyo umechoka. Daktari alisema miezi miwili. Sikumwuliza tena, maana alikuwa amejibu vizuri mara ya kwanza.

Nimempa chumba cha nyuma kwa sababu ndicho kikubwa, na mashine ya oksijeni inahitaji nafasi. Jengo letu limechimbiwa kilimani. Ukuta wa nyuma wa chumba hicho ni zege, na nyuma ya zege ni udongo. Simu haishiki mle.

Nimemwajiri msichana wa kumhudumia, Jannat, wa Kasubi, ambaye babake ana duka la vitambaa. Baba amemwuliza cheo chake.

"Sina cheo, Mzee."

"Basi wewe ni konstebo."

Jumatano, 5 Machi

Baba amesema anachotaka. Naandika kama alivyosema.

"Nataka uso wa Okwera. Nimtolee lile neno kabla sijaenda."

Neno lenyewe nalijua kwa sababu nilikuwepo. Mwaka juzi Okwera, ndugu yangu wa pekee, hakuja kumzika mama. Analinda lango la kambi moja huko Iraki, akapiga simu akasema wamemnyima ruhusa. Baba alisimama kando ya kaburi, mbele ya ukoo mzima, akasema kwamba mtoto asiyemzika mamake asimzike na yeye, na mguu wake usikanyage nyumbani Gulu. Kwetu Waacholi neno la mzazi la namna hiyo haliondoki lenyewe. Hulitoa aliyelisema, kwa mdomo uleule, huku akimpulizia mtoto maji. Okwera ana miaka arobaini na minne, amekuwa mwanajeshi, ameona mengi. Hajakanyaga Uganda tangu siku ile.

Nikamwambia Baba tutampigia simu.

"Simu ya sauti?"

"Ndiyo."

"Nimpulizie maji sikioni?"

Okwera hupewa simu Alhamisi tu, kuanzia saa kumi na moja jioni, dakika ishirini. Saa zao ni sawa na zetu. Kwa hiyo kinachotakiwa ni simu ya picha, chumba cha nyuma, Alhamisi saa kumi na moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepima. Ruta ya kampuni ya intaneti iko sebuleni, pale waya unapoingilia dirishani. Sebuleni simu inaonyesha vijiti vinne. Katikati ya ukumbi, viwili. Mlangoni kwa Baba, kimoja, na hicho kinakuja na kupotea. Kitandani, hakuna. Baba hawezi kubebwa hadi sebuleni. Jana kumgeuza ubavu tu kulichukua dakika kumi na tano, na ukelele wake ulisikika ghorofa ya pili.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumamosi, 15 Machi

Nimenunua mesh, visanduku viwili vyeupe. Kimoja kinachomekwa waya kwenye ruta ya kampuni, cha pili kinakaa mbali, na vyenyewe vinapokezana mawimbi. Karatasi ya maelekezo inasema dakika kumi. Nimetumia saa nne. Visanduku vyote vinawaka taa ya kijani, vijiti vimejaa mpaka kitandani kwa Baba, na intaneti haipo.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi wa kampuni, Shafiq, amefika saa nne asubuhi, viatu vimejaa tope jekundu. Alitazama simu yake dakika moja, akaniita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, umeweka maafande wawili kwenye kituo kimoja. Ruta yetu inagawa anwani, na hii yako inagawa anwani zilezile. Hakuna anayemsikiliza mwenzake."

Baba akauliza kutoka chumbani, "Mkubwa ni nani?"

"Ya kampuni, Mzee."

"Basi hiyo ingine ipige saluti."

Shafiq akaipigisha saluti. Aliiondolea mesh kazi ya kugawa anwani, ikabaki kusafirisha mawimbi tu. Nilimwomba mtandao mpya aupe jina na nenosiri la ule wa zamani, ili nisianze kubadilisha kila kifaa nyumbani. Hakupenda.

"Sawa, lakini basi hii ya kampuni tuizime waifai yake. Simu haina akili, nyabo. Ikishika ya sebuleni itaing'ang'ania mpaka chumbani, hata ikibaki pumzi tu, na jina ni lile lile, hutajua." Akaizima. Kisha akanionyesha taa ndogo ubavuni mwa ruta. "Kampuni inatuma masasisho usiku bila kuuliza mtu. Mengine yanarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Ukiwa na simu ya maana, angalia hii kwanza. Ikiwaka, waifai yake imejiwasha tena."

Niliandika maneno hayo katika daftari la kazi. Nimeyanakili hapa kutoka huko.

Alhamisi, 20 Machi

Simu ya kwanza. Saa kumi na moja kamili Okwera alipiga, na chumbani hakukuwa na mtandao. Dakika kumi na moja zikapotea kabla ya kugundua kwamba kisanduku cha chumbani kimechomolewa.

"Nani amezima?"

"Mzee alisema nizime," Jannat akajibu. "Asubuhi."

"Mtambo usio na kazi unazimwa," Baba akasema. "Betri inakwisha, na adui anajua uko wapi."

"Mzee, hii haina betri," Jannat akasema. "Na adui gani wa Bukoto?"

"Konstebo, nyamaza."

Baba alikuwa sajini wa mawasiliano polisi miaka ishirini na minane. Kiswahili chetu cha nyumbani kilitoka kambini, na adabu ya mezani ilitoka kwenye redio ya kituo. Mmoja anasema, akimaliza anasema ova, ndipo mwingine anaanza; ova na auti ni kufunga mazungumzo kabisa. Mwenzako akiwa hewani unatulia kimya, hujikuni wala huguni. Mimi na Okwera tulikula hivyo utoto wetu wote.

Dakika tisa zilizobaki picha ilikuwa safi. Okwera amenenepa usoni, ameota mvi.

"Nakupata tano kwa tano, safi kabisa, Baba. Ova."

"Nani alikunyima ruhusa ya kumzika mama yako? Ova."

"Mkuu wa zamu. Ova."

"Jina lake. Ova."

Okwera hakujibu. Muda wake ukaisha.

Ijumaa, 21 Machi

Baba amesema, "Anaficha. Mtu aliyenyimwa kitu hasahau jina." Mimi, kama mwandishi wa habari, nimeuliza watu swali hilo miaka thelathini na mmoja, mawaziri kwa walinzi. Ana haki.

Nimefunga soketi ya kisanduku kwa utepe mweusi, mizunguko minne.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua usiku kucha. Maji yameingia jikoni. Miguu ya Baba imeanza kuvimba.

Alhamisi, 27 Machi

Kabla ya saa kumi na moja niliangalia taa ya ubavuni. Imezimika. Kisanduku cha chumbani kinawaka. Simu iliingia kwa wakati.

Okwera alianza kabla hajaulizwa. Ruhusa alipewa, siku tano. Alifika uwanja wa ndege na begi lake, akakaa saa mbili, akarudi kambini akawaambia wenzake ndege imejaa.

"Sikuweza kumwona mama vile. Nimeona maiti nyingi, Baba, nimezibeba. Yake sikuweza. Ova."

Mashine ya oksijeni ilisikika zaidi kuliko mtu yeyote.

"Nimepokea," Baba akasema. "Zimebaki dakika mbili. Kitu hiki hakifanywi kwa dakika mbili. Alhamisi ijayo. Maji yawepo. Ova na auti."

Jannat alikuwa analia. Baba akamwambia konstebo halii zamuni. Akasema yeye zamu yake iliisha saa kumi.

Kwa miaka miwili nimeamini ndugu yangu alikuwa mvivu aliyejificha nyuma ya mkuu wa zamu. Ni mwongo kweli, lakini si mwongo niliyekuwa namfikiria. Na Baba, niliyemhesabu kuwa mtu asiyesamehe, alihitaji tu kuambiwa sababu.

Alhamisi, 3 Aprili

Barabara imebomolewa na maji na waya wa intaneti umekatika nayo. Bukoto nzima haina mtandao. Kampuni inajibu kwamba inashughulikia. Saa kumi na moja Baba alikuwa amevaa shati, kikombe cha maji mkononi. Saa kumi na mbili nikamwondolea kikombe.

Jumamosi, 5 Aprili

Mtandao umerudi.

Jumanne, 8 Aprili

Baba hamalizi hata nusu ya chakula. Analala mchana.

Alhamisi, 10 Aprili

Saa kumi na moja, hakuna. Saa kumi na mbili, hakuna.

Jumamosi, 12 Aprili

Ujumbe mmoja kutoka kwa Okwera, kupitia simu ya mwenzake: "Kulikuwa na hatari kambini, simu zote zilifungiwa. Alhamisi hii nipo. Asiniache."

Jumatatu, 14 Aprili

Daktari amekuja nyumbani. Safari hii amehesabu kwa siku. Baba amemsikia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaiandika siku hii kwa saa, kwa sababu nitaulizwa.

Saa kumi. Jannat alimnyoa Baba ndevu, akamvika shati la mikono mirefu. Baba alitoa amri zake. Neno alilisema mbele ya watu, lakini kulitoa ni kati yake na mwanawe, kwa hiyo mimi nibaki sebuleni. Jannat akae, kwa sababu mikono ya Baba inatetemeka na lazima mtu ashike simu, na kwa sababu Jannat hajui Kiacholi. "Haya hayasemwi kwa Kiswahili cha kambi," alisema.

Saa kumi na nusu. Mvua ilianza. Nilikagua utepe wa soketi, kisanduku cha chumbani, mashine ya oksijeni, chaji ya simu, kikombe cha maji. Taa ya ubavuni mwa ruta ya kampuni sikuikagua. Nilikuwa nimeikuta imezimika Alhamisi tatu nilipoitazama, nikaacha kuitazama.

Saa kumi na moja kamili. Simu ilikuwa sebuleni kwenye chaji. Jannat akaipokea, akasalimia, akaenda nayo chumbani. Nilisikia sauti ya Okwera ukumbini, kisha mlango ukafungwa.

Na dakika sita. Radi ilipiga karibu. Niligeuka kutazama ruta kama imeungua. Taa ya ubavuni ilikuwa inawaka kijani. Nilielewa palepale. Waifai ya kampuni ilikuwa imejirudisha, kwa jina letu lilelile, na simu iliyopokelewa sebuleni ilikuwa bado imeing'ang'ania kutoka nyuma ya kuta tatu.

Ningeweza kufungua mlango, nikachukua simu, nikaizima waifai yake na kuiwasha. Sekunde ishirini. Lakini nilikuwa nimeamriwa nisiingie, na mimi ni mtoto wa nyumba ile. Nikafungua kompyuta niizime waifai ya ruta kutoka hapo hapo. Nenosiri la ukurasa wa mipangilio nalo lilikuwa limerudi la kiwandani, na liko chini ya ruta kwa herufi za mchwa.

Na dakika kumi na tatu. Niliizima. Ruta ikajiwasha upya yenyewe, kama zifanyavyo zote ukibadilisha kitu, na nyumba nzima ikakosa mtandao.

Na dakika kumi na sita. Mtandao ukarudi, nikaingia chumbani. Baba alikuwa amelala chali, amefumba macho, anahema kwa shida. Kikombe kilikuwa tupu. Kioo cha simu kilikuwa na matone, na mikono ya Jannat pia.

"Amemaliza," Jannat akasema kwa sauti ya chini. "Amesema ova na auti."

"Picha ilikuwaje?"

"Ilisimama."

"Tangu lini?"

"Okwera aliposema ova. Mzee akaanza, na yule akawa ametulia tu, hivi, mdomo umefungwa."

"Mbona hukuniita?"

"Mzee alikuwa hewani, dada. Yeye ndiye alinifunza. Mwenzako akisema, unatulia. Nilidhani yule anasikiliza. Hata Mzee alimtazama hivyo."

Uso ulioganda, kwa Baba, ulikuwa uso wa mwana mwenye adabu.

Na dakika kumi na saba. Okwera akapiga tena. "Dada, mliganda. Nilimwona anachukua kikombe, basi. Amesema? Mpe simu."

Nilimwita Baba mara tatu, nikamshika bega. Hakufumbua macho. Na dakika ishirini simu ikakatwa huko kwao.

Ijumaa, 18 Aprili

Baba aliamka saa mbili asubuhi, akili timamu. Aliomba chai, akanywa vijiko vitatu. Akaniuliza swali moja.

"Amepokea?"

Nikamwambia amepokea.

"Alisema nini?"

"Alishukuru."

"Vizuri."

Alilala tena saa mbili na dakika ishirini. Jannat alinitazama kutoka mlangoni, akaenda kuosha kikombe.

Jumamosi, 19 Aprili

Baba amefariki saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Opoka, sajini mstaafu, miaka themanini na mmoja. Mvua haikuwepo.

Jumatatu, 21 Aprili

Kambi imempa Okwera simu kwa sababu ya msiba. Amepiga saa mbili asubuhi. Nilipokelea chumba cha nyuma, maana sebuleni kuna watu. Sauti ilikuwa kama yuko mlangoni.

"Dada Aciro, alimaliza?"

"Jannat anasema alimaliza. Alimwona anapuliza maji mara mbili. Maneno hakuyaelewa."

"Wewe ulisikia?"

"Nilikuwa sebuleni."

"Kwa hiyo hujui alichosema."

"Sijui."

"Kama alilitoa, au alilikazia."

"Asingekazia, Okwera. Alinyolewa ndevu. Alivaa shati."

"Hayo ni unavyodhani wewe. Nakuuliza unachojua."

Swali hilo ni langu. Nimewauliza wengine maisha yangu yote.

"Sema tu ndiyo, dada. Sema ulisikia. Mimi nitakuamini, na nitasimama pale kaburini."

"Sikusikia."

"Na yeye, alijua haikunifikia?"

"Aliniuliza Ijumaa asubuhi."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia umepokea."

Nilidhani mtandao umekatika, nikatazama kioo. Dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabu.

"Aliamka," akasema. "Alikuwa anaongea."

"Ndiyo."

"Ungemwambia haijafika, angerudia. Ungemrekodi hata kwa simu yako."

"Ndiyo."

Akakata.

Jumatano, 23 Aprili

Tumefika Gulu na mwili. Barabara ina mashimo kuanzia Karuma. Baba mdogo Nashon, mdogo wa marehemu, ameuliza kama neno limetolewa. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, pamoja na Ijumaa. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema wazee wanaweza kulitoa wenyewe kwa mbuzi na maji, hata mwaka ujao, lakini lazima Okwera mwenyewe asimame nyumbani hapa, na hawezi kusimama hapa akiwa anaogopa kusimama hapa.

Kisha akasema, "Ulimdanganya mzee ili afe vizuri. Huyu wa kuishi ukamnyima."

Nilimwambia kwamba nilichomwambia Okwera ni kweli.

"Najua," akasema.

Alhamisi, 24 Aprili

Mazishi saa nane mchana. Okwera hakuja.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimerudi Bukoto. Jannat ameenda kwao Kasubi. Wenye mashine ya oksijeni wameikodisha kwa mtu mwingine. Shafiq alipita kukagua waya, akauliza Mzee yuko wapi. Nilimwambia, akavua kofia. Aliuliza kama ile taa ilinisumbua tena. Nilimjibu kwamba ni mara moja tu.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua imepungua. Saa kumi na moja na dakika mbili simu iliingiza ujumbe kutoka kwa Okwera. Hakuna maneno, picha tu. Ni tiketi ya ndege ya kuja Entebbe, ya Jumanne tarehe 22 Aprili, saa tano asubuhi, kwa jina lake. Nimeikuza nikatafuta tarehe ilipokatwa. Jumapili tarehe 20, siku moja kabla hajaniomba niseme ndiyo.